Mtambo wa nje unafuka alfajiri

*Ukurasa wa fundi: majibu kwa wasomaji wetu walioko nchi za baridi*

SWALI: Shikamoo fundi. Nakaa Greenock, Uskoti. Mwezi wa kumi tulitoa boila ya gesi tukafungiwa pampu ya joto, ile ya kuvuta hewa ya nje. Wiki mbili sasa mvua haikatiki na nje ni nyuzi 2 au 3 tu. Juzi alfajiri natoka kwenda kazini, nikakuta mtambo umejaa barafu nyeupe mgongoni na feni imesimama. Ghafla ukatoa mlio kama mtu anayeshusha pumzi, ukafuka moshi mweupe mpaka dirishani kwa jirani. Nikakimbilia swichi nikauzima. Mama mkwe, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, anasema tuufunike turubai usipigwe na mvua. Je, umeungua? Na mbona kaka yangu aliyeko Norway anasema wa kwake haumsumbui hata nyuzi 15 chini ya sifuri, wangu unashindwa na nyuzi 2?

JIBU: Marahaba dada yangu. Hakuna kilichoungua. Ule haukuwa moshi, ni mvuke, sawa na unaokupiga usoni ukifunua sufuria ya wali. Kama bado umeuzima, kauwashe kwanza kisha urudi kusoma.

Kazi hii niliianzia kwenye friji, katika karakana moja ya Ilala, kabla sijahamia Glasgow miaka 14 iliyopita, na mpaka leo nikiulizwa pampu ya joto ni nini naanzia huko huko. Friji hunyang'anya vyakula joto na kulitupa nyuma, kwenye ule wavu ambao ukiushika unahisi moto. Pampu yako inainyang'anya hewa ya nje joto na kulitia kwenye maji ya rejeta zako, zile paneli za ukutani zinazopasha vyumba. Joto halihami lenyewe kutoka kwenye baridi kwenda kwenye vuguvugu, kwa hiyo ili hewa ya nyuzi 2 ikubali kutoa joto lake, koili ya nje, yaani bomba lililokunjwakunjwa mgongoni mwa mtambo, lazima iwe baridi kuliko hewa hiyo. Gesi ya kubebea joto inayozunguka ndani yake, kama ile ya friji, inaweza kuwa nyuzi 5 au 8 chini ya sifuri. Hewa ya Greenock, iliyolowa kutoka baharini, ikigusa alumini baridi kiasi hicho, unyevu wake unaganda pale pale. Ndiyo barafu uliyoiona mgongoni. Unaikumbuka bila shaka kwenye zile friza za zamani tulizokuwa tunazizima na kuwekea beseni chini.

Sasa kuhusu kaka yako. Watu wengi wanadhani kadiri baridi inavyozidi ndivyo mtambo unavyozidi kuganda, na wakiona barafu kwenye nyuzi 2 wanaamini wameuziwa kitu kibovu. Tazama hesabu ya maji. Mita moja ya ujazo ya hewa iliyoshiba unyevu kwenye nyuzi 2 inabeba takriban gramu 5 na nusu za maji. Kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri haifiki gramu 2. Feni ya mtambo wa nyumba inavuta maelfu ya mita hizo kila saa, kwa hiyo koili yako inaoshwa na maji mara tatu ya yale anayoyaona kaka yako. Yeye ana baridi kavu. Mtambo wake unafanya kazi nzito kupandisha joto kutoka chini kabisa, lakini hausumbuliwi sana na barafu. Hali ya hewa inayotutesa sisi mafundi wa magharibi ya Uskoti ni hiyo hiyo yako: nyuzi sifuri mpaka 5, ukungu, manyunyu, nguo hazikauki hata ndani ya banda.

Mapezi ya alumini kwenye koili, vile vibati vyembamba vilivyopangwa safu, yameachana kwa milimita mbili hivi. Barafu ikijaa katikati, hewa haipiti tena, na mtambo unajua. Hapo huanza kile ulichokishuhudia. Ningependa siku moja uvae koti, usimame mita mbili kando, ukitazame mwanzo mpaka mwisho. Feni inapunguza mwendo, inasimama. Kimya. Kisha ule mlio wa pumzi: ni vali inayogeuza njia ya gesi, na sasa mtambo unafanya kazi kinyumenyume, gesi ya moto inapelekwa nje kwenye koili badala ya ndani. Weupe unageuka kijivu, kijivu kinang'aa, matone yanaanza, halafu yanakuwa mchirizi, na vipande vya barafu vinateleza chini kama maganda. Mwisho feni inaamka na kupuliza nje mvuke wote uliokusanyika. Huo ndio ulioufikiria kuwa moshi. Kazi nzima ni kati ya dakika 3 na 10, na kwenye hali ya hewa kama yenu inaweza kujirudia kila saa, hata chini ya saa.

Joto la kuyeyushia barafu hiyo linatoka wapi? Linaazimwa kwenye maji ya rejeta zako. Ndiyo maana ukizigusa wakati huo utakuta zimepoa kidogo. Na hapa nakuomba jambo moja: usifunge rejeta za vyumba visivyolala mtu kwa nia ya kubana bili. Maji yanayozunguka yakiwa machache mno, mtambo unakosa pa kuazima, unakatisha kuyeyusha kabla barafu haijaisha, na raundi inayofuata barafu inakaa juu ya barafu. Kuuzima katikati, kama ulivyofanya, kuna madhara hayo hayo: maji nusu yaliyoyeyuka yanaganda upya, magumu kuliko mwanzo. Mara moja hakukuharibu kitu. Usizoee tu.

Mama mkwe mwambie kwa heshima zote kwamba mvua haiudhuru, umetengenezwa ukae mvuani. Turubai litaukosesha pumzi. Utakuwa unavuta hewa ile ile iliyokwisha kunyang'anywa joto, na utaganda zaidi. Hata mapipa ya taka yasisogee. Mbele uachie walau mita nzima, na nyuma nafasi ambayo fundi wako aliipima asiiguse mtu.

Na bili, kwa kuwa utaiuliza: katika majira ya wastani uniti moja ya umeme inakurudishia uniti 3 za joto au zaidi. Siku za ukungu na barafu inaweza kushuka hata 2 na nusu. Bado hakuna hita ya umeme itakayokupa zaidi ya 1. Wazo lenyewe si geni huko kwenu. William Thomson, yule anayejulikana kama Lord Kelvin, alikuwa profesa Chuo Kikuu cha Glasgow alipoonyesha mwaka 1852 kwamba mashine inaweza kupasha nyumba kwa kuchota joto lililo nje, kwa nishati ndogo kuliko kuchoma makaa moja kwa moja. Mji wa mvua hiyo hiyo.

SWALI: Fundi, mimi niko Aberdeen. Chini ya mtambo kumejengeka jabali la barafu, limepanda mpaka feni inaligonga, tak tak tak. Shemeji yangu yuko tayari na bisibisi na nyundo. Tuendelee?

JIBU: Kaka, mnyang'anye bisibisi. Mapezi yale ni membamba kama karatasi ya alumini ya jikoni, na nyuma yake tu kuna bomba la gesi. Mitambo mipya mingi inatumia propani, ambayo ni ndugu wa gesi ya mtungi tunayopikia nyumbani. Ukitoboa, umepoteza mtambo na umemwaga gesi inayowaka kando ya ukuta wa nyumba. Uzime kwenye kidhibiti chake, mwagilia maji ya vuguvugu polepole kutoka pembeni (yasiwe ya kuchemka), ngoja jabali liachie lenyewe, kisha uwashe. Usiuache umezima usiku kucha.

Lakini jabali litarudi kama hujaangalia maji yanakwenda wapi. Swali hili nalipenda na pia linaniuma. Kila mara mtambo unapojiyeyusha, unamwaga maji, na kwa siku ya ukungu ni lita nyingi. Yanatokea kwenye kitundu sakafuni mwa mtambo, kipana kama dole gumba. Piga magoti na tochi. Mara nyingi nakuta jani moja tu, limelala bapa juu ya kitundu kama kizibo. Kama si jani, ni bomba jembamba la kutolea maji lililoganda ndani. Bomba hilo liwe pana, literemke bila kona, livikwe sponji, na penye baridi kali liwekewe waya wa kulipasha. Mimi napendelea lisiwepo kabisa: mtambo usimame juu ya miguu, chini yake kuwe na shimo la kokoto, maji yadondoke yanywewe na ardhi.

Nasema linaniuma kwa sababu hii. Mwaka wangu wa pili huku, kampuni niliyokuwa nikiifanyia kazi ilinituma kufunga mtambo kwa mzee mmoja aliyeishi peke yake. Mahali pekee pasipohitaji kuchimba palikuwa kando ya njia ya kuingilia mlangoni. Niliona mteremko unaelekea njiani. Niliuliza, nikaambiwa maji ni kidogo, fanya haraka, kuna nyumba nyingine mchana. Nikafunga. Januari maji yakatambaa njiani usiku, yakaganda yakawa kioo, na asubuhi yule mzee alitoka kuchukua maziwa akaanguka akavunjika kifundo cha mkono. Nilikwenda kumwona. Alinikaribisha chai kwa mkono mmoja. Tangu siku hiyo sifungi mtambo kabla sijamwaga ndoo ya maji mahali pake na kuyatazama yanapokimbilia, na mteja akikataa mahali ninapotaka, namweleza kisa hiki.

SWALI: Leicester hapa. Nauzima usiku, nauwasha saa 12 asubuhi. Jirani ananicheka. Nani yuko sahihi?

JIBU: Jirani. Boila ya gesi ilikuzoesha kupasha kwa mkupuo. Pampu inapenda mwendo wa polepole, maji ya rejeta nyuzi 35 mpaka 45, saa zote. Ukiamka na nyumba iliyopoa unaulazimisha kupandisha maji juu sana saa ile ile ambayo ukungu ni mzito na koili inaganda kwa kasi. Usiku punguza nyuzi mbili tu, basi. Soma mita kwa wiki mbili kwa kila namna, uzilinganishe mwenyewe.

SWALI: Sisi tuko vijijini, Aberdeenshire. Novemba 2021 dhoruba ile ya Arwen ilitukatia umeme siku kadhaa. Wakati ule tulikuwa na jiko la kuni, sasa tumefunga pampu. Umeme ukikatika tena kwenye barafu, mtambo hautapasuka?

JIBU: Inategemea kilichomo kwenye mabomba yanayotoka nje. Kama fundi alitia glaikoli, dawa ya kuzuia maji kuganda, ya jamii moja na ile ya rejeta ya gari, mko salama kwa muda mrefu. Kama ni maji matupu, kwenye mabomba karibu na mtambo mtaona vali mbili ndogo za shaba zinazotazama chini. Maji yakishuka karibu nyuzi 3 zinafunguka zenyewe na kuyamwaga nje kabla hayajaganda. Zisivikwe sponji wala kufungwa mfuko, maana zinahitaji kuhisi baridi. Kama huzioni wala hukumbuki glaikoli, mpigie fundi wiki hii, usingoje theluji. Na jiko la kuni msilitoe.

Siku umeme utakaporudi, usikimbilie swichi. Angalia kwanza chini ya vali kama pamelowa au pana barafu, kisha geji ya presha ndani ya nyumba. Ikiwa imeshuka chini ya bar 1, maji yamemwagwa. Jaza kwanza, toa hewa kwenye rejeta, ndipo uwashe.