Mpini unacheza, jembe halipo

SWALI: Shikamoo daktari. Mi ni mkulima wa korosho huku Tandahimba, nina miaka 33, huu mwaka wa nne tangu nioe na hatujapata mtoto. Mke wangu kapimwa mara mbili yuko sawa, mwezi uliopita nikajikaza nikaenda kupima shahawa, ripoti ikasema mbegu karibu zote hazina vichwa ila mikia inatembea. Mama anataka nimrudishe mke kwao, rafiki zangu wanasema ni salfa ninayopuliza kila msimu. Kuna dawa ya kuziotesha vichwa? Mdogo wangu wa kiume naye kaoa mwaka jana, nimwambie au ninyamaze?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza kabisa mkeo asirudishwe popote, hiyo ripoti uliyoshika inazungumzia mbegu zako wewe, yeye hamo.

Sasa nisikilize. Wewe jembe unalijua, jembe likilegea kwenye mpini unanyanyua kupiga unabaki na mti mkononi, chuma kimeruka huko. Mbegu yako iko hivyohivyo. Kichwa ndio chenye kiini, na ndani ya kiini ndio kuna ile nusu ya mtoto inayotoka kwa baba, mkia kazi yake ni kusukuma tu. Kiini kimefunikwa na utando, na kwenye huo utando, pale shingoni mkia unapoanzia, kuna protini inaitwa SUN5 ambayo ndiyo inaukamata mkia usichomoke. Mwaka 2016 watafiti wa China walipima wanaume wenye shida kama yako wakakuta karibu nusu yao jeni ya SUN5, yaani maelekezo ya mwili ya kuitengeneza hiyo protini, ina hitilafu, halafu panya dume walioondolewa jeni hiyo nao wakatoa mikia mitupu, wakawa hawazalishi. Zipo jeni nyingine zinazoleta hali hiyohiyo ila hiyo ndiyo inayojulikana zaidi.

Ndio maana mikia yako inatembea vizuri tu, mtu wa maabara asipoangalia kwa makini anakuandikia mbegu zina mwendo mzuri unarudi nyumbani unafurahi bure, huyo aliyekupima wewe kafanya kazi yake kweli.

Salfa haikati vichwa vya mbegu zote namna hiyo. Valia barakoa ukipuliza kwa ajili ya mapafu yako, ila usiibebeshe hili.

Dawa ya kuotesha vichwa hakuna, ya hospitali wala ya mizizi, naomba hela yako ya korosho usimpelekee mtu anayekuahidi hivyo. Mbegu moja hutengenezwa kwa siku kama 74, kwa hiyo rudia kipimo baada ya miezi mitatu, mwambie mtu wa maabara aangalie vichwa na shingo. Jibu likiwa lilelile, muende wote wawili kwa daktari wa uzazi, Dar es Salaam zipo kliniki wanachukua mbegu moja, katika zile chache zenye kichwa, wanaidunga ndani ya yai kwa sindano nyembamba sana, njia hiyo ipo tangu 1992, na kwa kuwa mbegu haihitaji tena kuogelea, mkia uliolegea hauizuii. Wanaume wenye hitilafu ya SUN5 wameshapata watoto kwa njia hiyo. Gharama ni kubwa, sikufichi, lakini mlango upo.

Kuhusu mdogo wako, usinyamaze. Hitilafu hii mtu anaugua akiirithi kwa baba na kwa mama pia, wao wenyewe wanakuwa wazima hawana habari, hata mama yako hakujua na hana kosa. Kama kwako ni hiyo, ndugu yako wa kiume baba mmoja mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kuwa nayo. Akikaa mwaka mzima bila mimba aanze kupimwa yeye, mkewe asije akazungushwa hospitali miaka minne kama wako.