Shangazi, ahadi za harusi zinanimaliza

*Shangazi, salamu. Mimi ni karani wa kampuni ya kutoa mizigo forodhani hapa Malaba, upande wa Uganda, nina mke na mtoto mmoja anayesoma. Kila tarehe 28 napokea mkononi shilingi 820,000. Kodi ya nyumba ni 150,000, chakula 250,000, boda na simu 90,000, mama kijijini 70,000. Sinywi pombe, sichezi kamari. Pesa natoa kwenye simu elfu kumi kumi ili nisizitawanye. Lakini tarehe 12 ikifika nakula kikomando, chapati na maharagwe, cha kukopa. Mwezi huu, kwenye mkutano wa michango ya kwanjula, sherehe ya kumtambulisha bwana harusi ukweni, ya mwenzangu kazini, nilisimama nikaahidi 300,000. Nimekopa 200,000 kwenye simu nikazitoa, bado 100,000. Tarehe 30 natakiwa kurudisha 218,000. Mke wangu hajui. Septemba shule inafunguliwa na karo ni 380,000. Nifanyeje? – Mkono Mtupu, Malaba*

Mwanangu Mkono Mtupu,

Nimejumlisha hesabu zako nyuma ya bahasha. Zinafika 560,000. Zinabaki 260,000 ambazo hukuzitaja popote. Mtu anayeikumbuka kodi yake vizuri hivyo hawezi kusahau laki mbili na sitini. Unajua ziliko, ila umeona aibu kuziandika.

Mikutano hiyo naijua. Unakaribishwa kwa soda moja, emsii anashika kipaza sauti, na mweka hazina amefungua daftari. Jirani yako akitaja laki mbili, wewe mwenye mshahara kama wake utatajaje elfu ishirini? Kutoa ni moyo, emsii anapiga kelele, na moyo wako unapaa hadi laki tatu. Sikucheki. Mimi niliwahi kuahidi mbuzi kwenye harusi ya mpwa wangu, na mbuzi sina. Nilimnunua siku moja kabla, kwa bei ya mwenye haraka, kisha nikanywa chai ya rangi hadi mwisho wa mwezi.

Wapo watakaokuambia uache kabisa kuchanga. Mimi sikuambii hivyo. Siku ukifiwa, turubai na viti havitaletwa na benki, vitaletwa na hao hao. Ila si wote. Kabla hujafungua mdomo mkutanoni, jiulize jambo moja: huyu, nikipata msiba, atalala matangani kwetu? Akiwa wa kulala, mpe cha maana. Akiwa wa kupita tu na kusaini kitabu, elfu kumi zinamtosha na hatakununia.

Na kiasi kisipangwe mkutanoni. Kipange nyumbani tarehe 28, ukiwa umekaa na hakuna anayekutazama. Kwa mshahara wako naona 60,000 kwa mwezi zinatosha kuwa fungu la watu. Zikija harusi mbili, zigawane hizo hizo. Nenda nazo mfukoni, toa papo hapo, ukae chini. Aliyetoa taslimu hasomwi kwenye orodha ya wadaiwa wiki ijayo.

Sasa hilo deni la simu. Elfu 18 juu ya laki mbili kwa mwezi mmoja ni asilimia 9. Mkopo wa serikali wa PDM, ule wa maendeleo ya parokia (si ya kanisa, ni eneo la utawala) ambao mama yako huko kijijini ameusikia, riba yake ni asilimia 6 kwa mwaka mzima. Umekopa kwa bei hiyo ili mtu mwingine aoe! Tarehe 28 mshahara ukiingia, toa 218,000 kwanza, kabla hata ya kodi. Zitakubakia 42,000, kwa hiyo mwezi huu huchangi, aoe nani au aolewe nani. Na Agosti vilevile, ili mwisho wake uwe na 302,000 za karo. Zitapungua 78,000. Usingoje mtoto arudishwe nyumbani. Nenda shuleni kabla ya kufungua, lipa hizo ulizonazo, omba iliyobaki uimalize mshahara wa Septemba ukiingia. Mhasibu wa shule huwa na masikio kwa mzazi aliyetangulia kufika.

Kuanzia Oktoba karo isikushtue tena. Mihula mitatu ni 1,140,000, ukigawa kwa miezi 12 ni 95,000 kila mwezi. Kwenye zile 260,000 ondoa hizo na 60,000 za watu, unabaki na 105,000. Hizo zipeleke kwenye SACCO, chama cha akiba na mikopo, au popote ambapo kuzitoa ni kupanga foleni. Zikikaa kwenye simu, mkutano utazipata.

Huo ujanja wa kutoa elfu kumi kumi nao uache. Kodi ya serikali ya asilimia 0.5 kwenye kutoa pesa haibadiliki, utoe kidogo au zote. Lakini ada ya kampuni ya simu inatozwa kila unapotoa, na kwa viwango vidogo ndiko inakouma zaidi. Toa pesa ya soko mara moja kwa wiki, mkabidhi mkeo.

Halafu, kabla sijasahau: je, NSSF yako, akiba ya uzeeni, inaingia? Wewe unakatwa asilimia 5, bosi anaongeza 10, na tangu 2022 sheria haimwachi hata mwenye wafanyakazi wawili. Uliza.

Zile 100,000 zilizobaki, mpigie mweka hazina kesho umwambie ukweli: nimetoa laki mbili, zaidi sina. Atakwazika siku moja. Bwana harusi amekwisha kula laki zako mbili, hana cha kulalamika.

Umeniuliza mambo mengi ya pesa, lakini hilo la mke wako umelipitia kwa maneno matatu. Mwambie wiki hii, ukiwa na karatasi ya hesabu mkononi, maana yeye ndiye anayepika kwa hizo 250,000 na atakuonyesha pa kubana kuliko mimi. Wenye mikopo ya simu hutuma ujumbe wa kukumbusha saa yoyote, na usiku simu yako iko mezani karibu naye.