Ushuru wa Mafuta na Njia za Mtaani

Swali: Mhariri, sisi wakazi wa Miritini, Mombasa, hulipa ushuru wa barabara kila tunapotia mafuta, mbona njia zetu zingali matope, ilhali reli mpya imejengwa mlangoni petu?

Jibu: Ndugu msomaji, fedha za barabara na za reli hutoka mifuko tofauti. Ushuru wa mafuta, uliopanda Julai 2024 kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita, hugawanywa na Bodi ya Barabara ya Kenya hasa kwa ukarabati wa barabara zilizopo. Reli hiyo ya Mombasa hadi Nairobi, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, ilijengwa kwa sehemu kubwa kwa mkopo kutoka China. Njia za mtaani ni jukumu la kaunti; basi wasilisheni madai yenu, tena kwa maandishi, katika vikao vya bajeti kabla makadirio hayajapitishwa mwezi Juni.