Mkanda wa ngozi ya magome: ulipe bei hiyo?

Ndugu yangu, umeuliza kama fundi wa hapo Tabora mjini anakuonea kutaka mara mbili ya bei ya dukani kwa mkanda wa ngozi iliyotengenezwa kwa magome. Mimi ningelipa.

Ngozi ya kromu, ile inayotengenezwa kwa chumvi za madini ya kromu, huiva kwa siku moja au mbili. Ya magome hulowekwa wiki nyingi, hata miezi, ikinywa taratibu maji ya magome kama ya miti ya miwati inayopandwa kule Njombe. Subira hiyo ndiyo unayoinunua. Ngozi hutoka imara, inashika umbo, kisha inakuzoea wewe. Mkanda wa marehemu babu ulianza na rangi ya mchanga. Alipofariki ulikuwa na rangi ya asali ya miombo, unang'aa kwa kushikwa tu. Hiyo mikanda iliyopakwa plastiki juu haizeeki hivyo, inabanduka.

Kabla hujatoa hela, tazama ukingo uliokatwa. Ya magome huwa kahawia mpaka katikati. Ya kromu mara nyingi ina ukijivu au ubuluu ndani. Inuse pia: inanukia mti. Dondoshea tone la maji upande wa nyuma, likinywewa na kuacha doa jeusijeusi, ni dalili nzuri.

Ila haipendi kulowa. Mvua ikikukuta, ianike kivulini, usiiweke karibu na jiko. Ikikauka ipake nta ya nyuki kidogo iliyoyeyushwa na mafuta, na nta Tabora haikosekani.