Muulize Fundi: Redieta hazipati moto mpaka niwashe na maji

SWALI: Fundi, salamu. Nyumba yetu hapa Leicester ina boila ya gesi jikoni na tangi la maji ya moto kwenye kabati la juu. Taima ya zamani ilizimika kioo, nikanunua mpya, nikakata umeme na kuunganisha mwenyewe kwenye matundu yake: N, L, 3 na 4. Ulibaki waya mweusi. Nikaufunga mkanda, maana mweusi ni nyutro, ule wa kurudisha umeme, na nyutro nimeshaweka wa bluu. Maji yanapata moto vizuri. Ila nikiwasha redieta peke yake, boila kimya. Mpaka niwashe na maji. Nimeuziwa mbovu?
Mama Salma

JIBU: Usiirudishe dukani, Mama Salma. Taima ni nzima. Kinachokosekana ni huo mweusi uliouvisha mkanda.

Mweusi ulikuwa nyutro katika nyaya za zamani za Uingereza. Rangi mpya zilianza 2004, zikawa lazima 2006: laivu, waya unaoleta umeme (tundu L), ni kahawia, nyutro (tundu N) ni bluu, na mweusi hubeba chochote alichopewa na fundi. Kwenye taima usiulize rangi, uliza waya umetoka tundu gani.

Namba 3 ni maji kuwashwa, 4 redieta kuwashwa. Namba 2 ni redieta kuzimwa, na mara nyingi hukaa tupu. Namba 1 ni maji kuzimwa, na hapo ndipo wengi hukwama: kitu kimezimwa, kinataka umeme wa nini?

Anayeutaka ni valvu, mlango unaogawa maji ya moto kati ya tangi na redieta. Fungua kabati la tangi. Kwa dalili zako utakuta valvu moja yenye midomo mitatu, mfumo ambao mafundi wa huku huuita Y Plan. Ukiwasha redieta, waya wake mweupe unapata umeme, valvu inasogea hadi katikati na kusimama. Haiendi upande wa redieta peke yake mpaka waya wa kijivu nao upate umeme, na ikifika huko ndipo waya wa rangi ya machungwa unapoamsha boila. Maji yakiwa yamezimwa, kijivu hulishwa na tundu namba 1. Kwako tundu hilo ni tupu, kwa hiyo valvu imeganda katikati na boila inangoja amri.

Afadhali hukuuchomeka mweusi kwenye N. Tangi likishafikia joto lake, thamostati yake, swichi inayofuata joto la tangi, hupeleka umeme kwenye kijivu hicho hicho. Ungepiga shoti, fyuzi ya ampea 3 ikakatika. Ndiyo kusema ncha uliyoifunga mkanda huwa na volti 230 wakati mwingine, maji yakiwa yamewashwa na tangi limeshapata joto. Usiiache hivyo hata wiki.

Zima swichi ya boila yenye fyuzi, toa na fyuzi yenyewe. Jaribu tesita, kile kipima umeme, kwenye soketi yenye umeme, kisha kwenye kila waya, huo mweusi ukiwemo, kisha urudi kwenye soketi uhakikishe tesita haikudanganyi. Halafu fungua kile kisanduku cha maungio karibu na tangi: mweusi unapaswa kukutana na kijivu cha valvu. Ukikuta umekwenda kwingine, funga, ita fundi umeme. Mweusi ukiwa umekutana na kijivu, legeza skrubu mbili chini ya taima, inyanyue, chomeka mweusi kwenye 1, kaza, uuvute kidogo. Kifuniko cha boila usikiguse. Hiyo ni kazi ya fundi aliyesajiliwa na Gas Safe, orodha rasmi ya mafundi wa gesi.

Rudisha fyuzi. Kwenye taima zima maji, washa redieta, pandisha thamostati ya chumba, usimame kando ya kabati. Utasikia mota ya valvu ikinguruma kidogo, kisha boila inawaka. Ikiwa valvu imekwenda hadi mwisho na boila bado kimya, swichi ndogo iliyo ndani ya valvu ndiyo ninayoishuku.