Ua la kisukuku: anza na ovari

Umeuliza ua la kisukuku, yaani la kale lililohifadhiwa katika mwamba au kaharabu, litajulikanaje kuwa la jamii ya kunde kama ganda lenye mbegu halikupatikana. Ndugu yangu, anza na ovari, yaani kifuko cha ua kinachogeuka tunda. Kwa kunde karibu zote ipo moja tu, na viini vya mbegu vimejipanga kufuata mshono mmoja. Hapo ndipo penye ushahidi. Petali (majani ya rangi ya ua) 5 na stameni (vijiti vyenye chavua) 10 zinasaidia, ila jamii nyingine nyingi zinazo pia. Chavua, ule unga wa ua, ikiwa imebaki, itazame kwa hadubini: wengi wa kundi la mimosa na migunga hubeba chavua zilizoshikana vifurushi vifurushi.

Tazama Hymenaea protera, ua lililonaswa kwenye kaharabu (utomvu wa mti uliogeuka jiwe) ya Jamhuri ya Dominika, huko Karibi. Mtafiti wa visukuku vya kaharabu, George Poinar, alilieleza mwaka 1991, na katika spishi zinazoishi leo aliliona linafanana zaidi na Hymenaea verrucosa, yaani msandarusi wetu wa pwani, kuliko na jamaa zake wa Amerika! Kwa hiyo linganisha na mimea ya mabara yote. Pima kila sehemu kwa milimita, ichore, na uandike wazi ipi imevunjika au haionekani.