Kuandika Maelezo Yanayohusu Ukaguzi wa Aina: Kwa Mnaoanza Kazi ya Kompaila

Ndugu zangu mnaojiunga na kazi hii hapa Nairobi, someni maelezo (comments) yaliyomo katika msimbo kwa makini yaleyale mnayosomea msimbo wenyewe, hasa mkifika kwenye intapreta (sehemu inayoendesha msimbo papo hapo) iliyo ndani ya kompaila (programu inayotafsiri msimbo uwe programu ya kuendeshwa), ambako sentensi moja yenye utata inaweza kumpotezea mtu siku nzima.

Chukueni kompaila ya Rust, lugha ya kuandikia programu. Ndani yake mna intapreta inayokokotoa thamani za kudumu kabla programu haijaendeshwa, na zamu yake inapofika, ukaguzi wa aina (type checking), yaani kuhakikisha kila thamani inatumiwa kulingana na aina yake ya data, huwa umekwisha kufanywa na hatua zilizotangulia. Kwa hiyo mkikuta maelezo yanayosema tu "hapa tunakagua aina", msiyaache yapite. Mara nyingi mstari huo haukagui kazi ya mtumiaji hata kidogo. Unahakikisha kwamba kompaila yenyewe haijakosea. Mimi ningeandika hivi: "Aina za pande zote mbili zilikwisha kulinganishwa na mkaguzi wa aina, zikitofautiana hapa, hitilafu ni ya kompaila." Msomaji anajua mara moja nani alikagua, lini, na lawama ni ya nani.

Linalowatatiza wageni zaidi ni kutenganisha aina na thamani. Katika Rust, bool, yaani aina ya kweli au si kweli, hukaa kwenye baiti moja, na baiti hiyo inaruhusiwa kuwa 0 au 1 tu. Msimbo usio salama (unsafe), ambao mwandishi mwenyewe ndiye anayebeba dhamana ya usalama wake, unaweza kuingiza 3 humo: aina ingali bool, mkaguzi wa aina hana la kulalamikia, lakini thamani ni batili, na intapreta ndiyo inayoweza kuigundua. Vivyo hivyo char, yaani aina ya herufi moja, haiwezi kuwa na namba iliyo kati ya 0xD800 na 0xDFFF. Hapo naona ni lazima kuandika "uhalali wa thamani", kwa sababu anayesoma "ukaguzi wa aina" atakwenda kutafuta kosa katika hatua nyingine kabisa.

Hata neno "sawa" linahitaji uangalifu, maana muda wa uhai wa marejeo (lifetimes), yaani kipindi ambacho rejeo la thamani linaruhusiwa kutumika, huwa umefutwa kabla ya intapreta kuanza, na aina zinazoonekana sawa hapo huenda zilitofautiana awali.

Mkirekebisha maelezo, muulizeni kwanza anayeifahamu hatua hiyo, kisha yatumeni peke yake bila kugusa msimbo, ili anayepitia aone upesi kwamba utendaji wa programu haujabadilika.